Kila Kitu na Kundi Lake

Ilitangazwa rasmi, mbele ya watumishi wote na mama mmoja aliyekuwa amekuja kuuza dagaa, kwamba kuanzia Jumatatu ile hakuna kitu chochote cha mradi, kiwe hai, kiwe kimekufa, kiwe bado hakijaamua, kitakachoruhusiwa kuwepo bila kuwa na kundi.

Tangazo lilisomwa na Yusto Burito, Mratibu wa Mradi wa Maji na Ustawi Vijijini, akiwa amesimama juu ya kiti katika ofisi za Mwisenge, mjini Musoma, ili ujumbe ufike mbali. Alikuwa na suti ya kijivu na tai, joto lile lote. Alipomaliza alisubiri makofi, akayapata. Watumishi wa mradi walikuwa wamepata mafunzo ya kila kitu isipokuwa kufunga pampu.

Tumwelewe Mratibu. Mradi wake ulikuwa na jambo moja la kufanya, kuwapa maji watu wa Nyamuswa kule wilayani Bunda, na kila kilichohitajika kilikuwepo. Shimo lilikuwepo Nyamuswa. Maji yalikuwepo ndani ya shimo. Pampu ilikuwepo ghalani, Bunda mjini. Kilichobaki ni vitu hivyo vitatu kukutana. Mtu wa kawaida angesema pakia pampu, peleka, funga, twende tukale. Yusto hakuwa mtu wa kawaida. Alijifungia ofisini na chupa ya chai, akatafakari, akagundua kiini cha tatizo: pampu haijaenda Nyamuswa kwa sababu haijajua yenyewe ni kitu cha aina gani.

Hivyo akaandika Mwongozo wa Upangaji wa Rasilimali. Ulikuwa na jalada gumu, na picha yake akiangalia mbali, na ndani yake kanuni tatu tu, fupi, ili hata wakubwa wazielewe.

Ya kwanza: kila rasilimali itapangwa kwa kazi itakayokutwa inaifanya, si kwa kazi inayodai kuifanya. Ya pili: rasilimali za kundi moja ni sawa, na yoyote inaweza kushika nafasi ya mwenzake bila maelezo. Ya tatu: rasilimali mbili zinazofanana zisikae kituo kimoja, ili balaa likiangukia Bunda, Butiama wabaki salama. Mwenye malalamiko aende kwa Kamati ya Upangaji, inayokutana kila robo mwaka ikiitishwa na Mratibu.

Siku ya tathmini Yusto alizunguka ofisi mwenyewe na bahasha ya stika. Mlinzi, mzee Abubakary, alikutwa amelala kwenye benchi, akapewa stika ya kijani pamoja na benchi lake: Rasilimali za Kiofisi, maana yake zile zinazokaa. Dereva Jabiri alikutwa amelala ndani ya gari jipya jeupe la mradi. Gari lilikuwa limewekwa katika Rasilimali za Kimkakati, stika ya dhahabu, yaani zile ambazo thamani yake ni kubwa mno kuzitumia, na Jabiri akaingia humo humo kama sehemu ya gari. Tangu siku ile, turubai likitandazwa juu ya gari, yeye hufunikwa nalo.

Aliyepata pigo ni Hasna. Huyu alikuwa Afisa Mipango, dada wa Kiislamu wa Musoma mjini, mwenye digrii yake na miwani yake, na ndiye aliyekuwa akiifanya kazi ya ofisi yote. Lakini asubuhi ile mama Agness wa chai alikuwa na homa, na Hasna, kwa wema wake tu, alikuwa ameshika birika akiwamiminia wenzake.

"Rasilimali za Kumimina," Yusto alisema, akambandika stika nyeupe begani, karibu na ile ya birika.

"Bosi, mimi ni Afisa Mipango."

"Hiyo ndiyo kazi unayodai. Kanuni ya kwanza, Hasna. Tusibinafsishe mambo."

Hasna aliinua birika, uso mkavu. Kisha akasema, "Sawa, bosi. Sukari ngapi?" Tangu hapo akawa mtu wa kumimina chai. Kwa kuwa hakuna mwingine aliyeelewa Mwongozo, akapewa pia bahasha ya stika aishike, kazi ambayo haikuwa na kundi na kwa hiyo haikuhesabika kuwa kazi.

Mwisho Yusto alijitathmini mwenyewe. Alijikuta amekaa kwenye kiti chake cha kuzunguka. Roho yake ilitamani stika ya dhahabu, tusifichane, lakini aliona mtu mkubwa asijipendelee hadharani. Akajibandika ya kijani, Rasilimali za Kiofisi, akajisikia mnyenyekevu siku nzima.

Ikabaki Nyamuswa.

Kule Nyamuswa mradi ulikuwa umeazima maksai wawili wa Bi. Bhoke, mama mjane mwenye shamba la mahindi na mtama na wajukuu wa kulisha. Njia ya kwenda kisimani inapita mbugani, kwenye udongo mweusi usiocheka na matairi, kwa hiyo kokoto na saruji zilikuwa zikivutwa na ng'ombe. Makubaliano yalikuwa ya mdomo, mbele ya watu, kama watu wanavyoazimana ng'ombe siku zote: wachukueni, watunzeni, mvua za vuli zikianza mnirudishie nilime. Ng'ombe wa kulia aliitwa Mwenyekiti, kwa sababu alitangulia kila mahali. Wa kushoto aliitwa Katibu, kwa sababu alimfuata.

Yusto aliwakuta wanavuta mchanga. Akawabandika stika za njano pembeni mwa pembe: Kundi la Nne, Rasilimali za Kuvuta. Kisha akafungua ukurasa wa kanuni ya tatu, akatangaza kwamba Mwenyekiti atabaki kituo cha Nyamuswa na Katibu atahamishiwa kituo cha Butiama.

Bi. Bhoke alikuwa amekuja na majani ya ng'ombe kichwani. Aliyashusha chini polepole.

"Mnawatenganisha?"

"Tunatawanya hatari, mama."

"Bosi, hawa wamefundishwa pamoja tangu ndama. Katibu anavutaga kushoto, Mwenyekiti anavutaga kulia. Ukimfunga mmoja anazunguka tu pale pale kama kuku aliyepotea. Wewe si mtoto wa Butiama? Kwenu hamkuwaga na ng'ombe?"

Walikuwa nao. Hapo ndipo pabaya. Yusto alikulia nyuma ya ng'ombe wa baba yake, alijua kufunga nira kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na alijua kabisa, bila kuambiwa na mtu, kwamba jozi ya maksai ikitenganishwa si maksai wawili tena bali ni shida mbili. Kitu kilimchoma kifuani. Lakini alipopekua Mwongozo wote hakuona mahali panapotaja mchomo wa kifuani, na mtu hawezi kuendesha mradi kwa vitu visivyotajwa. Akawaamuru wampakie Katibu kwenye lori.

Katibu alipanda lori akiangalia nyuma. Mwenyekiti alilia njia nzima mpaka lori lilipopotea. Bi. Bhoke alisimama na mikono kichwani, na Yusto akaingia haraka kwenye teksi aliyokodi, akamwambia dereva apandishe vioo.

Utaratibu ulianza kuzaa matunda mara moja. Mafundi wa Nyamuswa waliomba pampu. Ghala la Bunda likaangalia: pampu huvuta maji, kwa hiyo ni Kundi la Nne, ila pampu ni moja na ikitoka ghala litabaki pungufu. Kanuni ya pili ikatumika. Wakapelekewa kamba, ambayo nayo ni Kundi la Nne, mpya kabisa, na barua ya kuwatakia matumizi mema. Mafundi walipolalamika wakajibiwa kwamba tofauti ya pampu na kamba ni ya kifundi, haimhusu msimamizi.

Vijana wa kijiji walikuja kuomba kazi ya kubeba mawe. Walirudishwa kwa sababu asiye na stika haruhusiwi kugusa shughuli ya mradi. Walilipokea jibu hilo wakalihifadhi vizuri, kama watu wanaojua litakuja kutumika.

Bi. Bhoke alikuja Mwisenge mwenyewe. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa upande wa ziwa, na alipanda basi kutoka Nyamuswa akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Hasna alimkaribisha na kumpa chai kwa mikono miwili, kisha akamwingiza kwa Mratibu.

"Bosi, mvua hiyo inakuja. Jirani zangu washanoa plau. Naomba ng'ombe wangu nikalime, hata kwa wiki moja, kisha niwarudishe kwa mkono wangu."

"Mama, wale si ng'ombe wako kwa sasa. Ni rasilimali."

"Mwenye rasilimali ni nani?"

"Mwongozo."

"Nisipolima mwaka huu wajukuu wangu watakula huo Mwongozo?" Sauti yake haikupanda. Ilishuka, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mwaka jana nilichelewa nikavuna magunzi. Mwaka huu nikichelewa, naenda kuomba kwa watu. Sijawahi kuombaga, bosi, toka nizaliwe."

Yusto alimwonea huruma, kweli. Alimwonea huruma kiasi cha kumpa namba ya Kamati. Akamweleza kwamba Kamati itakaa mwishoni mwa robo, yaani baada ya watu kupalilia, na kwamba lalamiko lake litakuwa la kwanza kabisa kusikilizwa. Bi. Bhoke aliaga kwa adabu zote. Mlangoni alimwambia Hasna, "Bosi wenu si mtu mbaya. Amefungwa tu nira asiyoiona." Hasna akalikumbuka neno hilo.

Wiki hiyo hiyo simu ikaja kutoka makao makuu Dodoma. Mkurugenzi Mkuu, Dokta Prudence, amesoma Mwongozo kuanzia jalada mpaka jalada. Ameupenda. Anakuja kuuona ukifanya kazi, na ikimpendeza, utatumika mikoa yote na mwandishi wake atahamia Dodoma kuwa Mkuu wa Upangaji. Yusto aliweka simu chini, akajizungusha kwenye kiti mara nyingi mpaka kizunguzungu kikamshika.

Gari la dhahabu likavuliwa turubai, na Jabiri akavuliwa pamoja nalo. Walimpokea Dokta Prudence mjini Bunda, mama mrefu, mpole wa sauti, asiyetabasamu kwa sababu hakuona faida yake. Alikaa nyuma, Mwongozo mapajani, akiwa amepigia mistari karibu kila ukurasa. Hasna alikaa pembeni yake na chupa ya chai, kama kundi lake lilivyotaka.

"Kanuni ya kwanza," Dokta alisema walipopita mashamba ya pamba, "ni ya kipekee. Mtu asipangwe kwa cheo, apangwe kwa anachokutwa anakifanya. Una maana hiyo hasa, Burito?"

"Hasa, Dokta. Bila upendeleo."

"Hata wakubwa?"

"Hasa wakubwa, Dokta," Yusto alisema, na moyo wake ukajaa.

Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, ya kwanza ya vuli. Njia nzima watu walikuwa mashambani na plau zao, wakiimba na kufokea ng'ombe. Walipoacha barabara na kuingia njia ya kisimani, gari lilikwenda hatua chache za kifahari, likateleza, likakaa. Jabiri akakanyaga mafuta. Matairi yakazunguka, matope yakaruka mpaka juu ya paa, na gari likazama kwa utulivu hadi tumboni. Lilikuwa limetunzwa mno lisipate uchafu, na sasa liliupata wote kwa siku moja.

Wanakijiji walikusanyika. Vijana wenye vifua vya kuinua gari hilo na abiria wake walikaa kwenye kichuguu, simu mkononi.

"Jamani, tusaidieni kusukuma!" Yusto alipiga kelele kutoka dirishani.

"Tungependa, bosi," alijibu mmoja, Mwandu, mmoja wa wale walioomba kazi ya mawe. "Ila hatuna stika."

Dokta Prudence akafungua Mwongozo, akatafuta, akaitikia kwa kichwa. "Wako sahihi. Nani ana stika ya kuvuta hapa?"

Aliyekuwa nayo ni Mwenyekiti, kule kituoni, karibu tu. Bi. Bhoke alikuwa ameketi naye kama alivyofanya kila asubuhi. Akaitwa, akaja na maksai wake, nira na mnyororo. Alilitazama gari, akamtazama Yusto. Mnyororo ukafungwa, nira ikawekwa shingoni, na Mwenyekiti akafanya kile ambacho kila mtu pale, pamoja na Mratibu, alijua atakifanya: alizunguka. Alizunguka kushoto akimtafuta mwenzake, upande mtupu wa nira ukiburuta matopeni, mpaka akajizonga mnyororo na kusimama akihema.

"Ana nini?" Dokta aliuliza.

"Hana mwenzake," alisema Bi. Bhoke. "Mwenzake yuko Butiama, anatawanya hatari."

Dokta akatazama saa. Akatazama matope, ambayo sasa yalikuwa yakiingia mlangoni kwa upande wake. "Burito," alisema kwa upole, "nikilala humu, ripoti yangu italala humu."

Yusto aliiona Dodoma ikizama taratibu pamoja na gari. Ndipo mtoto wa Butiama aliyekuwa ndani yake, yule wa nyuma ya ng'ombe, akaamka bila kuruhusiwa. Alikumbuka walivyofanya nyumbani maksai mmoja alipougua: mtu hushika upande mtupu wa nira, akaunyanyua begani, akatembea kando ya yule mzima, naye akidhani yuko na mwenzake huvuta. Alivua koti. Akakunja suruali. Akashuka matopeni, akaingiza shingo chini ya nira, upande wa kushoto.

Kule kichuguuni simu zote zikainuka.

"Waiteni wote wawili kwa majina," Yusto alisema kwa sauti ya kubanwa. "Bila kusikia jina la mwenzake hatatoka."

Bi. Bhoke alichukua fimbo. "Mwenyekiti! Katibu! Haya! Katibu, shika njia! Katibu, usilegee!"

Mwenyekiti akasimamisha masikio. Akamnusa Yusto shavuni, akaridhika, akainamisha kichwa. Wakavuta. Yusto alivuta kwa miguu, kwa meno, kwa tai. Gari likanguruma, likatikisika, likatoka matopeni na mlio wa kumtia mtu aibu. Wanakijiji wakapiga makofi, na haya hayakuwa ya mafunzo.

Yusto alikuwa bado ndani ya nira, anahema, uso umejaa matope, furaha imemjaa, aliposikia kitu kikibandikwa kwenye paji la uso wake. Hasna alikuwa amesimama mbele yake na bahasha. Stika ilikuwa ya njano.

"Hasna! Unafanya nini?"

"Rasilimali za Kuvuta, bosi. Ndivyo nilivyokukuta."

"Mimi ni Mratibu!"

"Hiyo ndiyo kazi unayodai," alisema Hasna. "Tusibinafsishe mambo."

Yusto akamgeukia Dokta Prudence, akitarajia kicheko, karipio kwa Hasna, chochote cha kibinadamu. Dokta alikuwa amesimama kwenye ubao wa kukanyagia wa gari, akiandika. Macho yake yalikuwa yamelowa kidogo.

"Nimekagua miradi mingi," alisema. "Hii ni mara ya kwanza kumwona mtu akijitoa kuthibitisha kanuni yake kwa mwili wake. Burito, Mwongozo wako hauna kosa."

Na Bi. Bhoke, ambaye tangu mwanzo alikuwa na jambo moja tu moyoni, akaona mlango umeachwa wazi. "Mama mkubwa," alimwambia Dokta, "mvua imeshanyesha. Walinichukulia ng'ombe wawili. Huyu hapa ni mmoja. Wa pili wanasema mpaka Kamati. Mimi nalima na nini?"

Dokta Prudence alifungua kanuni ya pili, akaisoma kwa sauti, yote, polepole, ili wote wasikie. Rasilimali za kundi moja ni sawa, na yoyote inaweza kushika nafasi ya mwenzake bila maelezo. "Mradi unakudai maksai mmoja wa Kundi la Nne, upande wa kushoto," alihitimisha, akajirekebisha, "yaani wewe unaudai mradi. Kituoni hapa kuna nini cha kundi hilo?"

"Kuna kamba," alisema Hasna. "Na kuna huyu."

Bi. Bhoke aliitazama kamba. Akamtazama Yusto, mabega yake, miguu yake, kama mtu aliye mnadani.

"Nipeni huyu," alisema.

Kwa hiyo Mratibu wa Mradi wa Maji na Ustawi Vijijini alilima. Asiulizwe mtu kama ni haki. Ulikuwa ni utaratibu, na ulikuwa na sahihi yake. Jirani mmoja, Matiko, alitangulia mbele kuongoza, Mwenyekiti kulia, Yusto kushoto, na Bi. Bhoke nyuma ameshika plau. Mama huyu alikuwa mwajiri mzuri, tumpe haki yake. Alipomwona Yusto amechoka alisimamisha jozi yote ipumzike, akamletea uji. Jioni alimkanda mabega kwa maji ya moto na chumvi, akimwambia kwamba kwa mtu wa ofisi, amejitahidi. Yusto alilia kidogo, ndani ya bakuli la uji. Hakulia kwa maumivu. Alilia kwa sababu alipoinua macho aliona mifereji yake imenyooka, na hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alifanya kitu ambacho mtu angeweza kukiona.

Kule mjini kiti cha kuzunguka kilikuwa kitupu, na kiti kitupu ni pengo, na pengo lina kanuni. Nafasi ya Mratibu ilikuwa ya Kundi la Pili, Rasilimali za Kiofisi. Mzee Abubakary alifikiriwa, lakini akiliacha benchi lake, nalo lingekuwa pengo. Likatafutwa jina kwingine, na kituo cha Butiama kikajibu kwa haraka ya kupendeza: yule maksai waliyepelekewa, mtathmini wao alimkuta amelala kwenye baraza la ofisi, kivulini, anacheua, hana haraka na mtu. Walimpa stika ya kijani siku hiyo hiyo, wala hawakuona ubishi.

Dokta Prudence aliidhinisha kwa simu. Kwa kuwa kanuni ya tatu haikutaka wawili mahali pamoja, Abubakary na benchi lake wakahamishiwa Butiama, na Katibu akaletwa Mwisenge kwa lori kuwa Kaimu Mratibu.

Yusto alipata habari hizi shambani, kutoka kwa Mwandu, na alicheka kwa mara ya kwanza tangu afungwe. Alisema ofisi itaanguka kabla ya Ijumaa. Haikuanguka. Hasna alikuwa akiingia na faili, anasoma kwa sauti, "Mafundi wa Nyamuswa wanaomba pampu, si kamba. Kuna pingamizi?" Kaimu Mratibu hutafuna. Hasna huandika: hakuna pingamizi. Kwa utaratibu huo pampu ilitoka ghalani, vijana wa kichuguu wakapewa stika na kazi, na siku moja Yusto, akiwa mwisho wa mfereji, alisikia kelele kutoka upande wa kisima, vigelegele vya wanawake, na maji yakimwagika kwenye ndoo. Alisimama akasikiliza. Mwenyekiti naye akasimama. Bi. Bhoke aliwaacha wasikilize mpaka wakaridhika.

Ilipobaki sehemu ndogo ya shamba, karibu na mto, yenye udongo mzito usiowezwa na bega la mtu, Bi. Bhoke alivaa tena kitenge chake cha kanisani akapanda basi la Musoma. Aliingizwa kwa Kaimu Mratibu bila kusubiri. Alisimama mbele ya meza, na haya yalisimuliwa baadaye na Hasna aliyekuwa pale na birika lake.

"Katibu," alisema, "nimekuja kukuomba ng'ombe wangu."

Kaimu Mratibu aliacha kutafuna. Hakutaja Kamati. Alisimama, akazunguka meza, akamfuata.

Yusto aliwaona wakija kwa njia ya Nyamuswa, Bi. Bhoke mbele, maksai nyuma bila hata kamba, na Hasna kwenye bodaboda amebeba faili. Mwenyekiti aliwaona kabla yake. Alilia sauti ambayo Yusto aliijua tangu utoto, akaondoka na nira na kumburuta Yusto mpaka ng'ombe hao wawili walipogusana pua. Ilibidi afunguliwe haraka asije akakanyagwa na furaha isiyomhusu.

Jozi ikafungwa, kulia na kushoto. Plau ikaingia kwenye udongo mzito kama kisu kwenye ugali. Yusto alibaki amesimama pembeni, shingo imechubuka, mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Akamwendea Hasna.

"Na mimi? Narudi ofisini lini?"

Hasna alirekebisha miwani, akafungua Mwongozo. Alitafuta kwa dhati, hakuna anayeweza kumlaumu. "Nafasi yako ilijazwa, na aliyeijaza ameondoka bila kukabidhi ofisi. Unatakiwa usubiri Kamati ikae."

"Sasa si ikae!"

"Inaitishwa na Mratibu."

Yusto akatazama shamba, ambako Mratibu wa mwisho mwenye mamlaka kamili alikuwa anageuza kona akifuata mwenzake, mkia unapunga nzi.

Hasna akafunga faili, akampa kikombe cha chai ya moto, sukari kama anavyopenda. Ofisi inanisubiri, akasema, na kweli akapanda bodaboda akaenda kuiendesha kama zamani, bila stika.

Bi. Bhoke alisimamisha ng'ombe mwisho wa mfereji, akajifuta jasho kwa ncha ya kitenge. Alimwona yule bwana amesimama na kikombe chake, hakutwi akifanya lolote, kwa hiyo kitu kimoja kilichobaki bila kundi katika mkoa mzima.

"Wewe," alimwita. "Mbegu ziko kwenye ile beseni. Fuata mfereji, mbili mbili, ufukie kwa mguu. Umewahi kupandaga?"

"Nyumbani kwetu," alisema Yusto. "Zamani."

"Basi anza."

Yusto aliweka kikombe chini, akachukua beseni.